Foreman alipiga nani mbele ya kufika Kinshasa?

Hapa Kisangani, kila mara wazee wakianza kuongea juu ya pigano la 30 Oktoba 1974 kule Kinshasa, watu wanajigawa pande mbili. Upande wa kwanza unasema: George Foreman alikuwa simba, mapigano 40 bila kupoteza hata moja, na Muhammad Ali alipona kwa bahati ao kwa dawa ya waganga. Upande wa pili unajibu: bongo tupu, Foreman alikuwa anapiga watu wa bure, na siku alipokutana na mwanaume wa kweli akaanguka. Sisi watu wa sendika tumesikia ile mabishano kazini, njiani, kwenye kilio na kwenye meza ya bia. Tunaona pande zote mbili zinaongea bila kufungua liste ya watu aliowapiga. Basi leo tuifungue pamoja.

Mchimbaji anajua namna ya kupima kazi ya mwenzake. Mtu akikuambia, « shimo yangu imefika metre 20 », hauwezi kumpigia makofi mara moja. Unamuuliza: metre 20 za nini? Za mchanga, za udongo mwepesi, ao za mwamba? Metre 3 za mwamba zinaweza kukula nguvu kupita metre 15 za udongo. Palmaresi ya mpiga ngumi iko vile vile. Namba peke yake haisemi kitu. Lazima kuuliza mambo matatu: alimpiga nani, yule mtu alikuwa katika hali gani ile siku, na pigano lilifika raundi ya ngapi.

Mapigano 37 kwa miaka mitatu na nusu

Foreman alipata medali ya dhahabu kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Akaanza kupigana kwa pesa katika mwezi wa 6 mwaka 1969. Mwisho wa mwaka 1972 alikuwa na mapigano 37, yote ameshinda, na 34 kati yake yaliisha mbele ya kengele ya mwisho. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mapigano 10 kila mwaka. Bingwa wa leo anaweza kupigana mara mbili kwa mwaka, na watu wanasema amefanya kazi.

Namna gani mtu anapigana mara mingi vile bila kuvunjika? Jibu ni kwamba wapinzani wanachaguliwa. Kijana akitoka Olimpiki na jina kubwa, meneja wake anamtafutia kwanza watu waliochoka, watu wenye umri, ao watu ambao wanapanda ringini juu ya kutafuta chakula cha watoto. Wanakuja, wanapigwa raundi moja ao mbili, wanakamata bahasha yao, wanarudia nyumbani. Hii si siri na Foreman hakuianzisha. Njo kazi ilivyo kila fasi watu wanapigana kwa pesa. Lakini ni haki kusema kwamba migongo ya wale watu, ambao leo hakuna anayekumbuka majina yao, njo ilijenga ile namba tunayoisifu.

Kati yao, wawili wanafaa tusimame hapo.

Wa kwanza ni George Chuvalo wa Kanada. Chuvalo alikuwa jiwe: mwaka 1966 alisimama na Ali raundi zote 15 kule Toronto, na hakuna mtu aliyewahi kumuangusha chini. Mwezi wa 8 mwaka 1970, Foreman alimpiga vibaya mpaka mwamuzi akasimamisha pigano katika raundi ya 3. Chuvalo hakuanguka, lakini hakuwa tena na namna ya kujikinga. Mtu anayefanya vile kwa Chuvalo, nguvu yake si ya bongo. Tukumbuke tena kwamba Foreman kijana alikuwa anafanya mazoezi pamoja na Sonny Liston, bingwa wa zamani ambaye watu walimuogopa sana. Alifundishwa na watu wakali.

Wa pili ni Gregorio Peralta wa Argentina, na huyu ndiye mtu ambaye wapenzi wa Foreman wanamsahau. Peralta alikuwa mdogo wa mwili, mtu aliyetoka kwenye uzito wa chini, na alikuwa amepita miaka 30. Mwezi wa 2 mwaka 1970 alipigana na Foreman raundi 10 kamili kule New York na akapoteza kwa pointi tu. Wakarudiliana mwezi wa 5 mwaka 1971 kule Oakland, na tena Peralta akamfikisha raundi ya 10 mbele ya mwamuzi kusimamisha. Peralta hakusimama mbele yake kama mti. Alizunguka, akamkumbatia, akamfanya apige hewa, akamngoja achoke. Mara mbili, mtu mdogo na mzee alionyesha njia.

Kisha Peralta, angalia liste: mpaka siku ya Kinshasa hakuna pigano hata moja la Foreman lililovuka raundi ya 5. Zaidi ya miaka mitatu.

Frazier, Roman, Norton

Sasa tufike kwenye mapigano matatu ya ubingwa, juu hapo njo mabishano yanakuwa makali.

Tarehe 22 Januari 1973, kule Kingston, Jamaica, Foreman alikutana na Joe Frazier. Frazier alikuwa bingwa wa dunia, mapigano 29 bila kupoteza, na mwaka 1971 alikuwa amempiga Ali mwenyewe. Foreman alimuangusha mara 6 kwa raundi 2. Mara 6! Mtu anayesema Foreman alipiga watu wa bure, tumuombe atazame tena ile sinema.

Lakini turudie maswali yetu. Frazier alikuwa katika hali gani? Kisha lile pigano kubwa na Ali, Frazier aliingia hospitali, na mwaka mzima wa 1972 alipigana mara mbili tu, na Terry Daniels na Ron Stander, watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa hatari. Na tena Frazier alijua njia moja: kuinama na kusonga mbele. Mbele ya Foreman, ambaye ngumi yake ya kutoka chini ilikuwa kali kupita zote, ilikuwa sawa kumpelekea kidevu kwenye sahani. Ushindi ulikuwa wa kweli, na ulimfaa yule aliyeupata. Lakini hakumlazimisha Foreman kujibu swali la Peralta: utafanya nini kama mtu hakujii mbele, na saa inaenda?

Mpinzani wa pili alikuwa José Roman wa Puerto Rico, kule Tokyo, tarehe 1 Septemba 1973. Pigano liliisha raundi ya kwanza. Roman hakuwa kwenye kiwango cha ubingwa, na hapa tunakubaliana na wale wa upande wa pili.

Wa tatu, tarehe 26 Machi 1974 kule Caracas, alikuwa Ken Norton. Norton alikuwa na nguvu, alikuwa kijana, na mwaka moja mbele yake alikuwa amemvunja Ali taya na kumshinda. Foreman alimmaliza raundi ya 2.

Tujumlishe. Mapigano matatu ya ubingwa: raundi 2, raundi 1, raundi 2. Hata tukihesabu kila raundi kuwa nzima, na hazikuwa nzima, ni dakika 15. Bingwa wa dunia kwa zaidi ya mwaka moja na nusu, na kazi yake yote ya ubingwa ringini haijafika dakika 15. Wawili kati ya watatu walikuwa wapinzani wakubwa, watu wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali. Hakuna bingwa wa ile miaka aliyewapiga watu wazuri kwa haraka namna ile. Na ile haraka, kwa kweli, njo ilificha shida. Kama kila mtu anaanguka katika raundi ya 2, hakuna anayejua raundi ya 6 itakuwa namna gani. Hata bingwa mwenyewe hajui.

Liste ya Ali ilikuwa namna ingine

Ali alifika Zaire na umri wa miaka 32, Foreman akiwa na miaka 25. Ali alikuwa amepoteza mara mbili. Kwa mtu anayehesabu namba tu, kazi ilikuwa imekwisha: 40 bila kupoteza mbele ya mzee aliyepigwa mara mbili.

Lakini soma ndani ya liste. Na Frazier mwaka 1971: raundi 15, akaangushwa katika ya mwisho na akasimama. Na Norton mwezi wa 3 mwaka 1973: raundi 12, taya imevunjika. Na Norton tena mwezi wa 9: raundi 12, akashinda. Na Frazier tena mwezi wa 1 mwaka 1974: raundi 12, akashinda. Yale mapigano manne peke yake yanafanya raundi 51, zote mbele ya watu wa kiwango cha juu. Ali alijua kuchoka kuna ladha gani. Alijua mwili unasema nini katika raundi ya 11, na namna ya kuudanganya.

Na alikuwa amekwisha kuona bingwa wa namna ya Foreman. Miaka 10 mbele yake, Sonny Liston alikuwa anaogopwa vile vile. Katika miaka ya 1962 na 1963 Liston alipigana mara mbili tu, zote na Floyd Patterson, na zote ziliisha katika raundi ya kwanza. Mwezi wa 2 mwaka 1964, Ali, wakati ule akiitwa Cassius Clay, alimzungusha Liston raundi 6, na kengele ya raundi ya 7 ilipolia, Liston hakuinuka kwenye kiti chake. Ngumi zilizoogopesha dunia hazikuwa na kazi ya kufanya wakati saa ilipokuwa ndefu.

Ile usiku ya Kinshasa

Tuseme pia nani alilipa ili hawa wawili wakutane. Don King aliwaahidi dola milioni 5 kila mmoja, pesa ambayo yeye hakuwa nayo. Serikali ya Raisi Mobutu njo iliitoa. Na mfuko wa nchi ile wakati ulijazwa zaidi na shaba, kazi ya wandugu zetu wachimbaji wa kusini. Bei ya shaba ilipanda sana mpaka katikati ya mwaka 1974, kisha ikaanguka. Wachimbaji hawakuulizwa. Tunalisema juu katika ngumi, mwenye pesa njo anaamua bingwa akutane na nani, na mara hii pesa ilimleta mpinzani wa kweli.

Pigano lilipangwa kwa tarehe 25 Septemba, lakini Foreman alikatika juu ya jicho kwenye mazoezi, wakasukuma mpaka 30 Oktoba. Lilianza karibu saa kumi ya usiku, mbele ya kuche, ili watu wa Marekani waone jioni yao. Uwanja wa 20 Mai, ule tunaouita leo Tata Raphaël, ulijaa. Joto lilikuwa zito hata ile saa.

Ali alianza kwa kupiga. Kuanzia raundi ya 2 akaegemea kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige mikono na mbavu. Kila mara Foreman alipopumua, Ali alimpa mbili tatu za haraka usoni, na kumuongelesha. Watu wake mwenyewe kwenye kona walimlilia atoke kwenye kamba. Hakutoka. Kufika raundi ya 5, ngumi za Foreman zilikuwa zinakuja polepole, na raundi ya 6 alikuwa anasukuma zaidi kuliko kupiga. Alikuwa amevuka mpaka ambao hakuna mpinzani aliyemvukisha tangu Peralta. Mwisho wa raundi ya 8 Ali akatoka kwenye kamba, akapiga mfululizo, na bingwa akazunguka na kwenda chini. Mwamuzi akahesabu. Kwisha. Na hata ile saa, waamuzi wote watatu walikuwa wamempa Ali pointi za mbele.

Basi nani alikuwa na haki katika mabishano? Foreman hakuwa simba wa karatasi: Chuvalo, Frazier na Norton ni mashahidi. Na Ali hakupona kwa dawa. Ushahidi wa kile kitakachotokea ulikuwa ndani ya liste tangu mwaka 1970, chini ya jina la Muargentina mdogo ambaye watu waliruka bila kusoma.

Kalambay, mtoto wa Lubumbashi

Kuna bingwa mwingine wa kwetu ambaye liste yake inatufundisha upande wa pili wa ile jambo, na vijana wengi hawamjui. Ni Sumbu Kalambay, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1956, mji wa shaba, akaenda kuishi Italia na kupigana kule kwenye uzito wa kati.

Tazama ni nani alikutana nao katika muda wake mzuri. Mwezi wa 5 mwaka 1987, kule London, alimshinda Herol Graham, ambaye hakuna aliyekuwa amemshinda mbele yake. Mwezi wa 10 ule ule mwaka, kule Livorno, alimshinda Iran Barkley kwa raundi 15 na akapata mkanda wa dunia wa WBA. Barkley hakuwa mtu wa bure: miezi michache kisha akamwangusha Thomas Hearns kwa K.O. Mwezi wa 3 mwaka 1988, kule Pesaro, Kalambay alimshinda Mike McCallum wa Jamaica, naye pia hakuwa amepoteza hata pigano moja. Kisha Robbie Sims, ambaye mwaka 1986 alikuwa amemshinda Roberto Durán. Kisha Doug DeWitt, kwa K.O. katika raundi ya 7.

Wawili ambao hawakuwa wamepoteza, na mtu aliyempiga Hearns, na mtu aliyempiga Durán, ndani ya miezi 18. Ile njo mwamba.

Na kisha? Tarehe 25 Machi 1989, kule Las Vegas, Michael Nunn alimpiga Kalambay ngumi moja ya kushoto, na pigano likaisha katika raundi ya kwanza. Tunaliandika juu tusidanganye watu. Liste nzuri si ukuta wa kuzuia ngumi. Inatuonyesha yale ambayo mtu amekwisha kuthibitisha, haituahidi ya kesho. Lakini mtu akikuambia Kalambay alikuwa dhaifu juu ya ile ngumi moja, mfungulie majina ya Graham, Barkley na McCallum.

Kwa sisi wa kazi

Foreman naye alikuja kujifunza. Mwezi wa 1 mwaka 1976 Ron Lyle alimwangusha mara mbili, na akasimama, akashinda raundi ya 5. Mwaka 1977 Jimmy Young alimshinda kwa pointi kisha raundi 12, akaacha ngumi miaka 10. Na tarehe 5 Novemba 1994, na umri wa miaka 45, alikuwa anapoteza pigano kwa pointi mbele ya bingwa Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Hakukimbia, hakuchoka, akangoja mpaka raundi ya 10, kisha akapiga. Wapinzani waliomtesa njo waliomfundisha kungoja. Alikufa mwezi wa 3 mwaka 2025.

Sisi wa sendika tunapenda hii hesabu juu inafanana na kazi yetu. Mara mingi tunakaa mezani na mtu mkubwa ambaye anaingia na kifua mbele: « mimi sijapotezaka na wafanyakazi ». Na ni kweli, hajapotezaka. Lakini fungua liste yake. Utaona mabishano yake yote yaliisha siku ya pili, juu siku ya tatu unga ulikwisha nyumbani, watu wakarudi kazini kichwa chini. Hakuna aliyemfikisha siku ya 8. Nguvu yake tunaijua. Pumzi yake bado hatujaiona. Na mnunuzi wa jiwe naye, anayekwambia bei ni hii na jua linazama, anashinda kwa sababu anajua tumbo lako haliwezi kungoja mpaka kesho.

Njo maana tunarudilia kila mkutano habari ya sanduku la akiba, hata franga kidogo kila juma. Mama wa nyumbani wanaielewa haraka kupita sisi wanaume, juu wao njo wanajua chungu kinaweza kungoja siku ngapi. Ali alikuwa na mikono, lakini kitu alichomshinda nacho Foreman kilikuwa raundi 51 alizobeba mbele ya kufika pale. Raundi zetu ni ile akiba, na ule umoja wa kukaa wote mpaka mwisho.

Basi wandugu, siku nyingine mabishano yakianza kwenye meza, ya ngumi ao ya kazi, msikubali namba mbele ya kuuliza: alimpiga nani, yule alikuwa katika hali gani, na walifika raundi ya ngapi?